Jinsi Tulivyoitangaza Radi Bila Kumponza Mtangazaji

Mwaka 2001, masika ya kwetu yakiwa ndiyo kwanza yameanza, nami nikiwa na umri wa miaka thelathini na tisa, niliingia kazini katika kituo cha hali ya hewa cha Likasi. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 5 Novemba. Nilikuwa mjane. Marehemu mume wangu, fundi wa umeme, ndiye aliyenipeleka shuleni nikiwa tayari mama wa watoto wanne, na diploma ya serikali niliipata mwaka uleule alioniacha, 1999. Sijawahi kuificha habari hiyo. Naitaja kila ninapopewa nafasi.

Shefu wa Kituo alianza kwa kutazama viatu vyangu.

«Madame, weye unaogopa mvua?»

«Hapana, Shefu.»

«Basi utaizoea vibaya. Hapa, wakati bantu bote banaingia mu nyumba, siye njo tunatoka inje.»

Nilifundishwa kusoma kipimamvua, chombo cha bati kinachokusanya maji ili tujue mvua imenyesha kiasi gani, na kipimahewa, ambacho huonyesha mgandamizo wa hewa ukishuka kabla ya dhoruba. Zaidi ya yote nilifundishwa kusoma mawingu. Lile linalopanda kama mnara, kisha likatanda juu kama fuawe la mhunzi, huitwa kumulonimbusi. Humo ndimo hutoka radi, mvua ya mawe na upepo unaong'oa mabati. Hadi leo nikiliona nasimama, hata nikiwa sokoni na kapu mkononi.

Mwaka 2008 nilihamishiwa Mwadingusha, penye bwawa la umeme la mto Lufira. Mkuu wa kituo cha pale alikuwa mzee mkali aliyetuuliza swali moja kila tulipomaliza vipimo: «Hii habari imefika kwa nani?» Tulijibu kwamba imefika Lubumbashi, naye akaguna. Nilimwelewa polepole. Ilani zetu, yaani maonyo yanayotolewa kabla ya dhoruba, zilipanda kutoka ofisi hadi ofisi, zikasomwa redioni kwa Kifaransa pamoja na milimita zake, huku mkulima wa Kapolowe akiendelea kupalilia mihogo chini ya wingu lenyewe.

Niliporudi Likasi mwaka 2013 kama msimamizi wa ilani, niliomba tuwe na mtangazaji katika kila kijiji kitakachokubali. Katika kijiji kimoja cha wakulima na wavuvi, upande wa Kapolowe, wenyeji walimchagua Papa Mulenga, katekista wao. Nikimpigia simu, aligonga kipande cha reli kilichoning'inia kando ya kanisa, watu wakakusanyika, naye akawaeleza kwa lugha ya nyumbani. Tuliona tumepata dawa.

Jumapili, tarehe 12 Februari 2017, alitangaza baada ya ibada kwamba kesho yake radi kali ingepita, na kwamba watu wasiende kwenye mashamba ya bondeni. Jumatatu radi ikapiga bondeni kweli, ikamwua kijana mmoja aliyekuwa amekwenda kulima, mtoto wa pekee wa Mama Kabwe.

Kwetu radi huitwa nkuba, na wengi wanaamini kwamba haiji yenyewe. Mtu huituma kwa mtu. Ofisini tuliona ilani iliyotimia. Kijijini waliona ushahidi. Papa Mulenga hakuwahi kugonga reli ila siku za hatari, na safari hii alikuwa ametaja hadi mahali. Aliambiwa ahame kabla ya Jumapili iliyofuata. Na kama angehama, nilijua hakuna mtangazaji mwingine katika bonde zima la Lufira ambaye angethubutu tena kufungua kinywa.

Nilikwenda pamoja na Shefu wa Kituo wa wakati huo, kijana aliyesomea ng'ambo. Tulipokewa katika lubanza, ua wa chifu, mbele ya watu wengi. Papa Mulenga alikaa peke yake. Benchi zima lilikuwa tupu pembeni yake.

Chifu alisema, «Mama, muntu anasema kesho nkuba itapiga kule chini. Kesho, inapiga kule chini. Weye ungefikiri nini?»

«Ningefikiri minye njo mwenye makosa, Chifu, juu minye njo nilimupigia simu.»

Bibi mmoja akaruka. «Ah! Kumbe ni nkuba ya serikali!»

Watu wakacheka, hadi Mama Kabwe aliposimama. Yeye hakucheka. «Minye nauliza tu. Alijuaje?»

Shefu wangu alianza kueleza mgandamizo wa hewa. Nilimgusa mkono, naye, kwa heshima yake, akaniachia nafasi. Kituoni kwetu tulituma taarifa Lubumbashi kila siku ya mwaka, hata wakati wa kiangazi, chombo kikiwa kikavu kabisa. Tuliandika sifuri na kuituma. Nilikuwa nikiwaza jambo hilo njia nzima.

«Mama Kabwe,» nikamwambia, «hatujui, tunakisia, na tunakosa pia. Nawaomba kitu kimoja. Papa Mulenga agonge reli kila asubuhi, mpaka masika iishe. Mvua ikiwa inakuja, aseme. Kama hakuna kitu, aseme hakuna kitu.»

«Na siku anasema hakuna, na inakuja?» akauliza yule bibi.

«Siku ile mumucheke, Bibi.»

Chifu alimtazama Mama Kabwe, kwa kuwa neno la mwisho lilikuwa la mfiwa. «Agonge,» akasema Mama Kabwe. «Minye nitasikiliza kila siku. Kila siku!»

Hivyo Papa Mulenga alibaki, akigonga reli mbele ya watu waliomsikiliza bila kumsalimia. Kisha, mwezi wa Machi, tulimpa utabiri wa anga safi. Akautangaza. Wanawake wakaanika mihogo yao, na mchana mvua ikaishukia yote. Wakamjia wakiwa na vikapu vilivyolowa, yule bibi akiwa mbele: «Papa Mulenga, nkuba yako imekukatala leo! Hata mihogo yako mwenyewe imelowa!» Kweli, yake nayo ilikuwa imelowa. Alicheka hadi akashika ukuta. Walicheka wote.

Aliponipigia simu kunieleza, nilishangilia ofisini. Shefu akakunja uso. «Madame, tumekosea, na weye unafurahi?»

«Shefu, leo njo tumemuponyesha.»

Tangu siku hiyo Papa Mulenga alikuwa mtu anayekisia kama watu wengine. Masika yaliyofuata, Januari 2018, alitangaza dhoruba kubwa. Mama Kabwe mwenyewe alipita mashambani akiwafukuza watu bondeni kwa fimbo, akiwatukana waliochelewa. Mitumbwi ikavutwa nchi kavu. Radi ilipasua mti mahali palepale pa mwaka uliotangulia, na chini yake hapakuwa na mtu. Vijiji vya jirani vikaja kuomba kujifunza. Katika maisha yangu nimepata vyeti kadhaa. Hakuna hata kimoja ninachokilinganisha na mti ule.

Nilistaafu tarehe 30 Juni 2023. Vijana wanaoingia kazini sasa wana picha za setilaiti ambazo sisi hatukuziota, nami nawapongeza kwa moyo wote. Nawaomba tu wamjue yule atakayelisema neno lao mbele ya majirani zake, na wajue atalala wapi baada ya kulisema.

Ijumaa, tarehe 17 Novemba 2023, niliitwa kijijini kushuhudia machifu wa bonde wakitia sahihi makubaliano kwamba kila kijiji kitakuwa na tangazo la kila asubuhi. Viti vilipangwa uani, wageni wakavaa suti. Sahihi ya mwisho ilipokauka, Papa Mulenga alisimama, akawapongeza machifu, kisha akakumbusha tangazo lake la asubuhi: nkuba ingefika mchana huo, na wingu lilikuwa limeshaonekana. Machifu, wageni na akina mama wakainuka, kila mtu na kiti chake, wakaingia kanisani. Mama Kabwe alimshikia mlango. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyeituma.