Tecla, Mlinzi wa Ng'ombe Elfu Kumi na Moja wa Kipkelion

Saa mbili na nusu asubuhi. Mitungi ya mwisho ya maziwa imeshamiminwa kwenye tangi la kupozea, wanaume wawili wanaosha sakafu kwa maji ya moto, na ukungu bado umeng'ang'ania mashamba ng'ambo ya reli. Tecla Chebet anavua gambuti mlangoni, anaingia ofisini kwa soksi, na kabla hajamsalimia mtu anainama mbele ya kompyuta.

Anasoma mistari mitatu. Kisha anachukua kalamu na kuandika kwenye chati iliyobandikwa ukutani: saa nakala ya akiba ilipokamilika, ukubwa wake, nafasi iliyobaki kwenye diski.

"Imeingia yote," anasema, akinyoosha mgongo. "Sasa siku inaweza kuanza."

Tecla, mwenye miaka thelathini na minne, ni mtunza kumbukumbu wa ushirika mmoja wa wafugaji mjini Kipkelion, Kaunti ya Kericho. Ndani ya seva yao, mashine isiyozidi kreti ya soda kwa ukubwa, mna taarifa za ng'ombe 11,240: namba ya hereni ya kila mmoja, mama yake, mbegu ya fahali aliyotiwa, chanjo alizopata na tarehe zake. Ni kazi ya miaka tisa.

Kompyuta hakuisomea. Aliajiriwa kupima maziwa, kujua yapi yametiwa maji na yapi yameganda njiani. Karani wa kumbukumbu alipoacha kazi ghafla, Tecla aliombwa akae pale wiki mbili tu.

"Wiki mbili zimekuwa miaka sita," anasema na kucheka. "Nilikuwa naogopa hata kubonyeza. Nilinunua daftari, nikawa naandika kila kitu nimefanya, ndio nikiharibu nijue nimeharibia wapi."

Daftari hilo ndilo lililomsaidia Machi mwaka huu. Asubuhi moja mfugaji alilalamika kwamba rekodi ya ndama wake imefutika. Tecla akaenda kuitafuta kwenye nakala za akiba, zile ambazo seva hujitengenezea yenyewe kila siku. Nakala ya mwisho ilikuwa na umri wa siku arobaini na moja. Chini yake kulikuwa na ujumbe uleule, siku baada ya siku: hakuna nafasi ya kutosha kwenye diski.

"Nilihesabu mara mbili," anakumbuka. "Siku arobaini na moja nimekuwa nikipita hapo, na sijawahi kuangalia."

Alikwenda moja kwa moja kwa meneja, Bwana Njenga, mtu mpole ambaye wazazi wake walihamia Kipkelion kutoka Nyeri.

"Madam Tecla, si kompyuta inafanya kazi?" Njenga alimuuliza.

"Inafanya, bosi. Lakini ikiungua leo, tunarudi mpaka Februari."

"Basi futa vitu ya zamani tuendelee."

Akafuta. Nakala ikaingia. Baada ya siku mbili diski ikajaa tena. Akafuta tena, ikajaa tena. Mara ya tatu alikataa kufuta.

"Niliona ni kama nadeki sakafu na bomba bado inavuja," anasema. "Nikasema hapana, leo natafuta bomba."

Alifungua folda moja baada ya nyingine, akapima kila moja na kuandika ukubwa wake daftarini. Nakala moja ya ng'ombe wote ilihitaji gigabaiti kumi na nane. Diski ilikuwa imebakiwa na sita. Ilipofika saa tisa alasiri alikuwa amekamata wezi wawili.

Wa kwanza alikuwa kamera za usalama. Fundi aliyezifunga kwenye chumba cha tangi alizielekeza zihifadhi picha kwenye diski ileile. "Ng'ombe wetu walikosa nafasi kwa sababu ya video za watu wakiosha sakafu!" Tecla anasema, na hata leo anaonekana kuudhika.

Wa pili alikuwa mjanja zaidi. Kila nakala iliyoshindwa katikati iliacha nyuma kipande chake. Kesho yake nafasi ilikuwa ndogo zaidi, nakala ikashindwa mapema zaidi, na kipande kingine kikaachwa juu ya kile cha jana.

Tecla alihamisha picha za kamera, akaondoa vipande vyote, kisha akaiagiza seva iweke nakala za siku kumi na nne tu na kuzifuta zilizopita hapo. Simu yake sasa hulia nafasi ikishuka chini ya gigabaiti mia moja. Nakala ya pili akaiweka kwenye diski ndogo anayokwenda nayo nyumbani, kilomita tatu kutoka ofisini.

Kisha alifanya jambo lililomshangaza Njenga. Alitoa kabatini kompyuta kuukuu ya mapajani, akairudisha nakala yote humo kama jaribio. Mara ya kwanza iligoma. Mara ya pili ng'ombe wote wakatokea.

"Sasa hiyo yote ni ya nini?" Njenga aliuliza.

"Bosi, nakala ya bakapu ambayo hujawahi kufungua, huwezi kuapa nayo."

Siku tisa baadaye, Ijumaa alasiri, mvua ya mawe iliipiga Kipkelion. Radi ilitua karibu na nguzo ya umeme. Taa zilizima, na chumba cha seva kikajaa harufu ya plastiki iliyoungua. Mashine ilikuwa imekufa, na diski yake pia.

Jumamosi asubuhi likaja balaa la pili. Ugonjwa wa miguu na midomo ulikuwa umeingia kata jirani. Daktari wa mifugo wa ushirika, Dkt. Orina, alifika na masanduku ya chanjo za kutosha ng'ombe elfu tatu.

"Ni ng'ombe gani hawajachanjwa?" aliuliza. "Kama hakuna orodha, itabidi tusimamishe kukusanya maziwa kila mahali."

Njenga alimtazama Tecla. Tecla alikuwa ameshashika mkoba wake, na ndani yake diski.

Nje ya dirisha wafugaji walizidi kukusanyika. Mbele yao alikuwa Janeffer, mjane mwenye ng'ombe sita ambao wamewasomesha watoto wake wanne. Kurudisha nakala kwenye ile kompyuta kuukuu kulichukua saa moja na dakika arobaini kwa umeme wa jenereta. Hakuna aliyeketi.

Orodha ilipotokea, Tecla alimwita Janeffer ndani. "Mama, nisomee namba ya hereni ya yule mwekundu."

Janeffer aliisoma kutoka kiganjani alikokuwa ameiandika. Tecla akaigonga kwenye kibodi. Mama wa ng'ombe, mbegu, chanjo: kila kitu kilikuwepo, hadi kilichoingizwa Alhamisi.

"Ni yeye!" Janeffer alipiga kelele. "Ni yeye kabisa!"

Kufikia saa sita mchana printa ilikuwa imetoa orodha ya ng'ombe 2,917 ambao hawakuwa na chanjo, kijiji kwa kijiji. Timu nne zikatawanyika. Mlipuko wa ugonjwa ulipokwisha, ng'ombe watatu tu wa ushirika walikuwa wameugua, wote wa boma moja, na wote walipona. Maziwa hayakusimama hata siku moja.

"Nilidhani anapoteza muda," Njenga anakiri. "Nilikosea, na nikasema hivyo mbele ya wanachama kwenye mkutano mkuu."

Katika mkutano huo mkuu, wanachama mia saba walisimama wakipiga makofi na kuita, "Kongoi, Tecla! Kongoi!" Yaani asante. Yeye alijifunika uso kwa daftari.

Anapanga kuanza masomo ya kompyuta katika chuo kikuu cha Kabianga mwakani. Lakini kwanza ana safari. Ushirika mmoja wa upande wa Kiptere umesikia habari zake.

"Karani wa huko ameniambia bakapu yao iko sawa," anasema, macho yakimcheka. "Nikamuuliza, umewahi kuirudisha? Akasema bado. Nikamwambia, basi weka chai, Jumanne nakuja."