Oili Nyekundu ya Hilmo

Watu wa mji wa Gračanica humsema vibaya Rasim akiwa hayupo, na humtafuta mbio gari likigoma. Miaka thelathini na moja alifanya kazi karakana ya mabasi. Mabasi yalipokwisha alichimba shimo la kukagulia magari uani kwake, akaendelea kufungua nati kama kawaida. Ulimi anao, tena mkali. Lakini hajawahi kumwambia mtu gari lako zima na huku ni bovu, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi siku Hilmo alipoleta gari lake.

Hilmo ni jirani yake, na walisoma darasa moja. Gari ni la Kijerumani, la otomatiki, lina miaka ishirini na saba, na lilikuwa linavuja oili ya giaboksi. Nyuma yake alikuja mwanawe Nedim, anayeishi ughaibuni, mjini Linz, mikono mfukoni.

"Ami Rasim," alisema Nedim, "fundi mmoja mjini amesema imekufa sili kubwa ya ndani inayozuia oili isitoke, giaboksi lote lishushwe. Kwa gari la umri huu ni upuuzi. Nimeshaongea na mzee. Kama ni hiyo sili, gari liende chuma chakavu, na yeye na mama waje kwangu Linz. Kule kilimani bila gari wataishije?"

"Kijana ameshasema," Hilmo akajibu, akitazama viatu vyake.

Rasim akashuka shimoni. Tumbo la gari lilikuwa limelowa kutoka mbele hadi nyuma, huwezi kujua pa kuanzia. Akachovya kidole, akanusa. Oili haikunuka kuungua, na ilikuwa bado nyekundu. Basi giaboksi lenyewe lilikuwa hai. Swali ni linatokwa damu wapi, na hapo Rasim akajiogopa. Alitaka liwe jambo dogo. Hilmo akihamia Linz, nani atakayekuja kila asubuhi kunywa kahawa na kubishana naye? Na fundi anayetaka jibu fulani, hulipata hata kama halipo.

"Uani kwako linaacha doa?" aliuliza kutoka chini.

"Hata tone. Uwanja wa Zumra wangu unaweza kulia chakula juu yake."

Rasim akavunjika moyo. Gari lisilodondosha likiwa limesimama, likavuja linapotembea, mara nyingi linasukuma oili kutoka ndani. Huenda yule fundi alisema kweli. Alipanda juu, akafuta mikono kwa muda mrefu, akaosha tumbo lote la gari kwa maji ya moto na sabuni mpaka likang'aa.

"Rudi nalo nyumbani," akasema. "Kesho asubuhi nakuja mwenyewe."

Asubuhi alipopanda kilima, Hilmo alikuwa ndio kwanza anatoa gari uani ili aligeuze. Magurudumu yalipoanza kuzunguka, mkewe Zumra akatoka na jagi, akamwaga maji yote kwenye sakafu ya ua, pale pale gari lilipokuwa limelala. Kisha akachukua ufagio.

"Shemeji, unafanya nini?" aliuliza Rasim.

"Nammwagia maji, safari yake iteleze kama maji. Kwani mama yako hakukufundisha?"

"Safari gani? Anafika hapo barabarani tu."

"Hata akienda kununua mkate nammwagia. Miaka arobaini na mbili, umewahi kusikia amepata ajali?"

Rasim alikuwa ameinama kwenye mtaro wa uani. Maji yaliyokuwa yakishuka yalikuwa na utando mwembamba, na alipoyagusa kidole kikatoka na wekundu.

"Ewe mwanamke," alisema polepole, "kumbe doa lipo, na wewe kila siku umekuwa unanifulia ushahidi wangu."

Gari likarudishwa, likazimwa, kadibodi ikatandazwa chini yake. Wakanywa kahawa, wakaongeza. Gari lilipotakiwa kutolewa tena, Zumra akashika jagi lake na kusema gari kutoka bila maji yeye hakubali. Wakakubaliana amwage getini.

Kwenye kadibodi kulikuwa na matone saba. Yote yalikuwa mbele, chini ya rejeta. Chini ya giaboksi hapakuwa na hata moja. Rasim akamwita Nedim, akammulikia tochi.

"Unaona huu mpira? Unapeleka oili kwenye rejeta ikapoe. Umesuguana na chuma miaka na miaka mpaka ukapasuka hapa kwenye bana inayoukaza. Gari likikimbia, upepo unaipaka oili nyuma kote, na giaboksi linasingiziwa. Shika."

Nedim akashika. Kidole kikatoka chekundu.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Rasim alikata mpira uliooza, akaweka mpya wa kuvumilia oili, akaukaza kwa bana mbili na kuusogeza mbali na chuma. Kisha akawasha injini, akapitisha gia zote moja moja, na oili ilipopata moto akaijaza kidogo kidogo mpaka kipimo kikasoma sawa. Furaha ilikuwa imemjaa kifuani, akaificha kwa kumkaripia Hilmo aondoe mguu kwenye spana.

Nedim alikuwa bado na wasiwasi. "Ami, niambie kweli. Mama yako ungempakia humu?"

"Mama yangu amekufa. Napanda mimi. Haya, endesha."

Wakapanda mlima wote wanne mpaka bustani ya miplamu, wakashuka kwa breki na gia, wakarudi uani, wakatandaza kadibodi mpya. Wakala pita, mkate wa tabaka uliojazwa jibini. Baada ya saa nzima Hilmo akaivuta kadibodi. Ilikuwa kavu.

Nedim hakutosheka. Akapiga magoti na suruali yake nzuri, akapitisha kiganja chini ya mpira, kwenye bana zote mbili. Kiganja kikatoka kikavu. Akakitazama, kisha akainuka.

"Sasa?" Zumra aliuliza. Hakuwa anauliza habari za gari.

"Sasa mbaki hapa, mama, na Idi nitakuja mimi," alisema Nedim. "Na watoto. Chumba changu bado kipo?"

"Kipo," alisema Zumra, machozi yakimtoka wala hakuyafuta. "Tumeanika vitunguu humo. Tutavitoa."