Bangili Nilizochimba Kariakoo Peke Yangu

Admin, jina langu usiliweke, na mtaa nitauficha mwenyewe. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na saba, sijaoa, mzaliwa wa Chunya. Kazi yangu wengi wenu mtaishangaa: natembea na ditekta, ile mashine inayolia ikipita juu ya chuma au dhahabu iliyofukiwa. Nilifundishwa na mjomba wangu kwenye machimbo ya zamani kule kwetu, tukitafuta vipande vya dhahabu vilivyosahauliwa, senti zenye tundu na vifungo vya makoti ya wakoloni. Mjomba alikuwa na sheria moja tu. Mashine ikilia, ita mtu kwanza, ndipo ushike jembe. Alisema kitu ulichokichimba peke yako hakina shahidi, na siku ukiulizwa kimetoka wapi, hata ukisema kweli utaonekana mwizi.

Hapa Bongo jijini nina miaka sita. Kariakoo nyumba za zamani zinabomolewa kila kukicha kupisha maghorofa, na mimi huwa naelewana na msimamizi wa saiti anipe saa mbili kabla katapila halijaanza kuchimba msingi. Tukipata kitu tunagawana. Mara nyingi ni misumari mitupu, mara mojamoja rupia ya zamani, na wapo watu wanaozinunua kwa kumbukumbu.

Nimepanga kwa mama mmoja pembeni ya Jangwani, huko ambako masika mafuriko yakiingia magodoro tunayapandisha juu ya meza. Nitamwita Bi. Mwanaisha, ingawa si jina lake. Nilipougua taifodi ni yeye aliyeninywesha uji wiki nzima, na tangu hapo ananiita mwanangu. Kisa chake nakijua kwa moyo maana hachoki kukisimulia. Alitoka Lindi akiwa msichana, akaolewa Kariakoo na familia ya wenye duka. Mama mkwe hakumtaka tangu mwanzo. Siku moja bangili saba za dhahabu za mkwe zikapotea, lawama zikamwangukia yeye. Aliapa kwa msahafu, hawakumsikia. Akapewa talaka, na mtoto wake wa kiume wa miaka minne akabaki kwa baba. Mtoto huyo sasa ni mtu mzima mwenye binti wa kuolewa, na miaka yote arobaini hajawahi kumwamkia mama yake. Bi. Mwanaisha akiniona nafuta mashine hunitania: "Hiyo ingekuwepo zamani zile, leo ningekuwa mke wa mtu." Tunacheka wote, yeye anamalizia kwa kufuta macho.

Miezi miwili iliyopita niliingia kwenye kiwanja kimoja Kariakoo. Mahali palipokuwa chumba cha uani mashine ikalia vizuri, mlio wa dhahabu siwezi kuukosea. Msimamizi alikuwa ameenda kunywa chai. Nilitakiwa kumsubiri. Sikumsubiri, jamani, tamaa ilinishinda. Nikachimba, nikakuta kopo la maziwa ya unga, ndani yake kitambaa kilichooza na bangili saba. Kwa haraka ya kuzificha, hata kisa cha Bi. Mwanaisha hakikunijia akilini. Nikazitia kwenye begi, nikafukia, nikamwambia msimamizi sijapata kitu. Kesho yake katapila likachimba pale pote. Siku hiyohiyo bangili tatu nikampelekea sonara, akaziyeyusha nikiangalia.

Nne nilizobakiza nilizisafisha kwa ndimu Jumapili moja mchana. Moja ilikuwa imevunjika na kuungwa kwa waya mwembamba wa shaba. Waya ule nilikuwa nimeusikia mara ishirini kwenye maneno ya Bi. Mwanaisha, kwamba mojawapo ilivunjika siku ya Idi ikaungwa kwa shaba. Nikatoka uani nikamuuliza, kama mtu anayepiga soga tu, nyumba ya mume wake ilikuwa wapi. Akanitajia mtaa na msikiti wa jirani. Ni palepale nilipochimba. Kama mkwe alizifukia akasahau, au alifanya makusudi, Mungu ndiye anayejua.

Nilijikaza nikaenda dukani kwa yule mtoto wake, anauza vitambaa. Bangili nne zilikuwa mfukoni. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, nikasema nina habari za nyumba yao ya zamani. Akaniuliza nakaa wapi, nikasema Jangwani. Akauliza kwa nani. Nikataja jina la mama yake.

Uso ukambadilika. Akasema taratibu, "Amekutuma yeye?"

Pale ndipo nilipoelewa sheria ya mjomba. Mpangaji wa mwanamke anayeitwa mwizi, ameshika bangili zilizopotea, shimo halipo, shahidi hayupo, na tatu hazipo. Nikizitoa, atasema mama yake amezificha miaka arobaini na sasa anazirudisha kwa mgongo wangu. Nilisema hapana, sijatumwa. Nikaulizia bei ya kitambaa nisichokihitaji, nikaondoka. Nilikuwa na dawa ya huyu mama mkononi, na nilishaigeuza sumu kwa mikono yangu. Najichukia.

Harusi ya mjukuu ni mwezi ujao. Bi. Mwanaisha hajaalikwa, lakini amenunua doti ya kanga, anataka kumpa jirani aipeleke bila kutaja imetoka kwa nani. Jana akaniuliza mbona siku hizi mashine haitoki, imeharibika? Nikamwambia betri imekufa. Akasema nisijali, atanichangia ninunue nyingine.

Mficha uchi hazai, ndiyo maana nimeyaleta kwenu, na matusi yenu nitayapokea. Nikinyamaza, mama huyu atazikwa na jina la wizi. Nikisema, huenda nikamzidishia, na atajua mwanawe wa kupanga ndiye aliyeyeyusha ushahidi wake. Msimamizi naye nilimdanganya, sijui kama atakubali hata kusema niliingia pale. Nishaurini ndugu zangu, nianzie mlango gani: wa mtoto, au wa mama anayekusanya hela ya betri yangu?