Kisaa Nilichokiondoa kwenye Pikipiki ya Betram

Jumanne ya wiki iliyofuata Pasaka, saa nne asubuhi, nilimpoteza mdogo wangu Betram. Alifia barabarani, upande wa ziwani, pale ambapo barabara ya kutoka Mbamba Bay haijaanza kupanda kuja kwetu Mbinga. Nyuma ya pikipiki alikuwa amefunga magunia mawili ya usipa, dagaa wetu wa Ziwa Nyasa. Lakini siku ninayotaka uishike, mwanangu, ni ile iliyotangulia, Jumatatu, aliposimama mbele ya karakana yangu akaniomba kitu kidogo, nami nikamnyima.

Nianzie mbali, univumilie.

Mimi niliishia darasa la saba. Ufundi nilifundishwa na Mzee Hyera wa Ruanda, ile ya hapahapa kwetu Mbinga, aliyekuwa akitengeneza injini za mashine za kusaga. Nikiwa kijana ambaye ndevu zinaanza kuota, nilitengeneza injini ya mtu wa Kingerikiti. Karakanani iliwaka mara moja, ikanguruma vizuri, nikajiona nimemaliza dunia.

Mzee akaniuliza, "Umeisagia mahindi?"

"Imewaka, Mzee. Si umeisikia?"

Siku ya tatu ikaja habari kwamba imezima ilipopewa mzigo. Mzee Hyera hakunigombeza. Alinitwisha mfuko wa spana, tukaenda Kingerikiti, kipande kwa lori na kipande kwa miguu. Tulipofika, mbele ya wanawake waliopanga foleni na ndoo zao za mahindi, akasema, "Haya, waambie ni nani aliyesema imepona." Nikawaambia ni mimi. Mama mmoja akadakia, "Kumbe daktari mwenyewe bado ananyonya!" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wakati wa kurudi Mzee akaniambia, "Injini haiponi karakanani, inapona kazini kwake. Ukiipima hapa na kazi yake iko kule, umepima kelele tu."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wanavyosema wazee. Mimi guu langu lilibaki zima. Aliyevunjika ni mwingine.

Nikawa fundi pikipiki, na kwa miaka mingi nilipima petroli kwa macho. Unafungua plagi, unaangalia rangi yake: nyeusi, petroli imezidi, nyeupe, petroli haitoshi na injini inaungua. Mwaka jana ndipo nilipopata kipimo cha kisasa. Ni sensa inayofungwa kwenye ekzosi, inanusa moshi unaotoka, halafu kisaa kidogo kwenye usukani kinakuonyesha namba. Namba ikishuka, petroli ni nyingi; ikipanda, hewa imezidi. Ilibidi nitoboe ekzosi na kuchomelea nati ya kuishikia. Vijana wa bodaboda walijaa kunitazama.

"Mjomba," mmoja akaniuliza, "nikikuletea mke wangu utampima kama amekasirika?"

"Yule hahitaji sensa," mwenzake akajibu. "Moshi wake tunauona tangu stendi."

Nilicheka nao. Nilipenda walivyonizunguka. Nilipenda zaidi kwamba katika kundi lile lote ni mimi peke yangu niliyejua kukisoma kile kisaa.

Betram akaniletea yake Jumatatu ile. Alilalamika kwamba inakunywa petroli kupita kiasi anapopanda na mzigo. Nikamfungia sensa, nikatoa jeti ya kabureta, kile kipande chenye tundu la kupitishia petroli, nikaweka yenye tundu dogo zaidi, tukaenda hadi Mkumbi na kurudi. Nikaweka nyingine ndogo kuliko hiyo. Namba ilipanda pale nilipotaka, tena nikaisukuma mbele kidogo, ili asifu jinsi petroli ilivyopungua.

"Kaka, inateleza kama usipa mkononi," akasema. Kisha akagusa kile kisaa. "Niachie hiki mpaka keshokutwa. Nikaone kinasema nini kule chini."

"Kitaibiwa. Halafu hata ukikiona, utakielewa? Pikipiki iko tayari. Nenda." Nikakifungua kwenye usukani.

"Haya, profesa." Akacheka, akaiwasha kwa teke, akaondoka.

Sasa nikuambie ukweli wote, maana nusu ya ukweli ni uongo uliovaa nguo safi. Wizi haukuwa sababu. Sikutaka mtu mwingine ajue kukisoma. Na jambo la pili ni baya kuliko la kwanza: nilijua. Mbinga tuko juu milimani na hewa yetu ni nyepesi. Kule ziwani ni chini, hewa ni nzito. Jeti inayotosha huku, kule inatoa petroli kidogo mno kwa hewa ile, na injini yenye mzigo inachemka mpaka pistoni inang'ang'ania silinda na gurudumu linajifunga. Sikusahau. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu, nikasema iko tayari.

Dereva wa gari lililokuwa nyuma yake alinieleza siku hiyohiyo. Alisema, "Alikuwa anakwenda taratibu tu, mzee. Gurudumu la nyuma likajifunga ghafla kama limeshikwa na mtu." Betram aliangukia kichwa kwenye jiwe la ukingo.

Msibani kila mtu alisema ni mwendo. Baba mdogo, ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, alisema, "Vijana hawa na mwendo wao." Watu wakatikisa vichwa. Gaudensia, mke wa marehemu, aliinua uso akasema mara moja tu, "Betram hakuwa mtu wa kukimbia." Nilikuwa nimekaa karibu naye kama mlango na ukuta, maneno ya yule dereva yako tumboni mwangu, na mimi pia nikatikisa kichwa kukubali.

Baadaye pikipiki ililetwa karakanani kwangu. Nilifunga mlango, nikaifungua peke yangu. Pistoni ilikuwa imechubuka pande zote, na plagi ilikuwa nyeupe kama mfupa. Nikaifunga pistoni kwenye kitambaa, nikaiweka chini ya sanduku la spana. Ikakaa humo. Kila nilipochukua spana niliigusa.

Siku ya arobaini tulikusanyika Mkumbi, nyumbani kwa marehemu. Baada ya sala Baba mdogo akasimama kuwaasa vijana. Akasema, "Mwenzenu huyu alipenda kukimbia. Mmeona alikofikia." Gaudensia alikuwa anapakua chakula. Aliweka upawa chini taratibu, akaanza kuondoka.

Nikasimama. "Baba, hakukimbia."

"Kaa, mwanangu. Ni huzuni inayokusemesha."

"Si huzuni, Baba. Ni mimi." Nikafungua kitambaa nilichokuja nacho mfukoni, nikaiinua pistoni, nikasema yote: jeti, mlima, ziwa, maneno ya dereva. Nikasema na habari ya kisaa.

Gaudensia alirudi akasimama mbele yangu. "Alikuomba?"

"Aliniomba."

"Ukamkatalia?"

"Nilimkatalia."

"Siku arobaini wanamsema mume wangu, na wewe umekaa hapa unakula."

Aliichukua ile pistoni mkononi mwangu akaingia nayo ndani. Tangu siku ile hajaniamkia. Mimi ni shemeji yake mkubwa. Zamani hata akiwa na ndoo kichwani alisimama kunipa shikamoo.

Mwanangu, wewe unayejifunza kazi yoyote ya mikono, nisikilize. Usiseme kitu kimepona mpaka umekiona kazini kwake. Kama kazi yake ni ziwani, shuka nayo ziwani, hata foleni ya wateja ifike barabarani. Ulichokijua usikifanye mali ya kuwatambia watu. Mwonyeshe anayekitumia, maana yeye ndiye atakayekuwa juu yake kikiharibika. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo. Maji yakimwagika hayazoleki, najua, lakini usimwache marehemu akabebeshwa kosa lako. Yeye hawezi kusimama akajitetea. Mungu akupe mikono inayojua na mdomo usioogopa kusema "ni mimi". Na akupitishe salama kila mteremko, uwakute nyumbani unaowapenda.

Jumamosi iliyopita Menas, kaka yake Gaudensia, alikuja karakanani. Ile pikipiki niliiwekea pistoni mpya, na sasa ndiye atakayeiendesha ili nyumba ile ipate kula. "Dada anasema uipime," akaniambia. "Lakini uipimie kule chini."

Nikafunga karakana, wateja wakiwa wamesimama nje. Nikapanda nyuma yake, kisaa kikiwa kwenye usukani na jeti ikiwa ileile ya Betram. Tulivyoshuka namba ikapanda, ikapanda tena, na tulipofika tambarare ya ziwa ilikuwa pale ambapo lazima ilikuwa siku ile ya Betram, kama mtu angekuwepo wa kuitazama. Tukasimama kando ya barabara. Nikabadilisha jeti palepale, tukafunga gunia la mchanga nyuma, tukaenda na kurudi mpaka namba ikatulia.

Tulirudi Mkumbi alasiri. Gaudensia alikuwa uani anapukuchua maharage. Menas akamwambia, "Kisaa amekiacha. Hakiondoki tena."

Aliinuka, akasogea, akakitazama muda mrefu bila kunitazama mimi.

"Salama ni namba ngapi?" akauliza.

"Mzigo ukiwa mzito, kumi na tatu. Ikizidi kumi na nne, asimame."

"Kumi na tatu," akasema. Akarudia tena kwa sauti ya chini, "Kumi na tatu," akaokota ungo wake, akaingia ndani.