Siku Ngusa Aliposafiri na Buti Tupu

Ukitaka kumjua Ngusa, usijisumbue kumwuliza mkewe. Nenda kafungue buti la Probox yake. Mle ndani utakuta jeki mbili, moja ya kupampu na moja ya kuzungusha kwa mkono, maana Ngusa anaamini kwamba jeki nayo, kama binadamu, kuna siku huamka vibaya. Utakuta ubao wa mninga wa kutandika chini ya jeki, kwa sababu kwenye mbuga, ule udongo mweusi unaonata wa huku kwetu, jeki isiyo na ubao huzama yenyewe kabla gari halijainuka hata kidole kimoja. Kuna chepe, sululu, kamba nene ya katani, mnyororo, dumu la maji, tochi ya kufunga kichwani, mkanda wa feni, waya wa kila unene, na kipande cha sabuni ya mche cha kuzibia tangi la mafuta likitoboka. Sanduku la huduma ya kwanza lina bandeji za kutosha kumfunga ng'ombe. Juu ya vyote limekunjwa shuka jeupe.

Mtungi wa kuzimia moto nao upo, ila bado umo ndani ya nailoni yake ya dukani. Hapo Ngusa ni sawa na madereva wengine wote wa Kahama, ambao wanaona kuufungua mtungi ni kuuharibu.

Askari wa barabarani walishajifunza kumwacha apite. Wa kwanza kumwomba afungue buti alipewa somo la dakika arobaini juu ya kila kifaa, kinatoka wapi na kinafanya nini, mpaka akamrudishia leseni yake kwa mikono miwili na kumtakia safari njema. Walioumia ni abiria, ambao hawakuwa na pa kuweka mizigo. Mama mmoja muuza dagaa alipakata gunia lake kutoka Kahama hadi Geita, na alipoteremka alimwambia Ngusa maneno ambayo hayaandikiki.

Kichaa hiki kilikuwa na asili yake. Ngusa alichimba dhahabu kule Geita miaka kumi na mmoja. Siku moja duara lao, yaani shimo la kuchimbia, liliporomoka likamfukia Luka, rafiki yake, hadi kifuani. Kamba na machepe vilikuwa vimebaki kambini. Walisema wanashuka mara moja tu, ya nini kujitwisha mizigo. Walimfukua kwa mikono na kwa sufuria ya ugali kuanzia asubuhi hadi alasiri. Luka alipona, ila mguu wake mmoja mpaka leo unaburuzwa. Ngusa alitoka machimboni na fedha ya kununulia gari, pamoja na woga ambao hajawahi kuuonea haya. Hakutaka tena kusimama mbele ya mtu aliyekwama huku mikono yake ikiwa mitupu.

Sasa, mwaka jana mwezi wa tatu, habari ikamfikia mkewe, Zipora. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja hospitalini Kahama kwa wiki moja. Walikuwa wanatoa mtoto wa jicho, na asubuhi yake mtu anafunguliwa bandeji anaona. Mama yake Zipora, Bi Mbuke, alikuwa na miaka minne haoni chochote zaidi ya mwanga wa mlango. Alikuwa akipapasa kuta kwenda chooni na kuwatambua wajukuu kwa kelele zao. Lakini habari ilichelewa. Zipora aliisikia Alhamisi mchana, na wagonjwa wa mwisho wangeandikishwa Ijumaa, mwisho saa sita. Baada ya hapo madaktari wanaondoka, na hakuna aliyejua watarudi lini. Ngusa akasema kesho alfajiri wanamfuata mama kijijini.

Kulisema hilo kulikuwa rahisi. Mama mkwe, kwa Wasukuma wa rika la Bi Mbuke, si mtu wa kuchukuliwa juujuu. Hapewi mkono, hatazamwi usoni, na ukiwa na neno naye unalipitisha kwa binti yake. Ngusa alikuwa mkwe mwenye adabu. Kwa miaka kumi na tisa ya ndoa alikuwa amemfahamu mama huyo kwa miguu yake tu. Angeweza kuitambua hata sokoni.

Jioni hiyo, kijiweni, alimweleza safari hiyo Charles, dereva mwenzake ambaye mdomo wake hauna breki. Charles mwenyewe buti lake lilikuwa na tairi la akiba lisilo na upepo na kandambili moja ya kushoto. Akalichungulia buti la Ngusa, akatikisa kichwa.

"Bibi mzee anakwenda hospitali," alisema, "wewe umempakilia chepe, sululu, kamba, ubao na shuka jeupe. Hivi unakwenda kumtibu au unakwenda kumzika?"

Kijiwe kizima kikacheka. Ngusa naye alicheka, lakini neno lilikuwa limeshamwingia. Usiombe kuambiwa kitu ni uchuro na mtu mwingine. Ukishaambiwa hukioni tena kwa macho ya jana. Alilitazama chepe lake akaona kaburi. Aliutazama ubao wa mninga akaona jeneza. Kwa mkwe mwingine lingekuwa jambo dogo, lakini kwa Bi Mbuke ingeonekana kwamba mume wa bintiye anamtangulizia msiba.

Akaenda nyumbani akatoa kila kitu. Zipora alikuwa kanisani mazoezi ya kwaya, hakuona. Vyote akavirundika nyuma ya kabati la vyombo, akabakiza jeki moja, tairi la akiba na mtungi uliovaa nailoni. Kisha akapiga deki buti, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na akajiona mkwe wa mfano.

Usiku mvua ikanyesha kama imetumwa.

Walimkuta Bi Mbuke saa moja asubuhi, amekaa mlangoni, amevaa kitenge kipya, jogoo kwapani. Pembeni alikuwa na gunia la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, zawadi kwa madaktari. Ngusa alichuchumaa mbali akasalimia ardhi. Mama akapandishwa nyuma na bintiye, jogoo na michembe vikaenda kwenye buti, na Ngusa akakigeuzia dari kioo cha ndani ili asije akamwona mkwe wake kwa bahati mbaya. Kwa hiyo aliendesha bila kujua nyuma kuna nini, lakini adabu ilikuwa kamili.

Mbuga walikuwa wameivuka salama wakati wa kuja. Wakati wa kurudi, trekta la mtu lilikuwa limeshapita na kuikoroga njia. Probox iliserereka, ikageuza uso kama inataka kurudi kijijini, ikatulia kwenye tope mpaka kwenye ekseli. Ilikuwa saa mbili na robo.

Ngusa alishuka, akazunguka, akafungua buti kwa mazoea. Jogoo akamtazama.

Alichukua jeki, akaiweka chini ya gari, akapampu. Gari halikutikisika. Jeki ndiyo iliyoshuka, taratibu, kama andazi kwenye chai, mpaka akabaki ameshika mkono wake tu. Akaanza kuchimba tope kwa mikono. Kila alilotoa lilirudi na ndugu zake. Saa tatu ilipita. Ngusa aliikumbuka siku ile ya duara, na safari hii hakuwa na wa kumlaumu.

Ndani ya gari Bi Mbuke alikuwa ametega sikio muda mrefu.

"Zipora," akasema, "mbona simsikii akichimba?"

"Anachimba, mayu. Kwa mikono."

"Chepe lake liko wapi?"

Zipora akatoa kichwa dirishani. "Baba Nelly, mama anauliza chepe liko wapi."

Ngusa akaliambia tope kwamba ameliacha nyumbani. Zipora, ambaye kwa miaka yote hiyo amelala nyumba moja na lile chepe, alidhani amesikia vibaya. Akauliza kwa nini. Ngusa akasema ni kwa heshima, akaeleza habari ya Charles, ya uchuro na ya shuka jeupe, kwa sauti inayofifia kila neno. Hakukuwa na haja ya kumpelekea mama ujumbe. Alikuwa haoni, siyo hasikii.

Halafu mlango wa nyuma ukafunguliwa, na miguu ile anayoijua ikashuka kwenye tope.

"Mwambie mume wako," Bi Mbuke alisema, "wajukuu wamekuja na pikipiki zao, nimekataa. Jirani kaleta gari lake, nimekataa. Nikasema mbuga hii naijua, sivuki na mtu mwingine ila yule anayetembea na chepe. Nimemzika baba yako kwa chepe, na kwa chepe hilohilo nikachimba choo. Heshima gani ya kunikwamisha?"

Ngusa alitamani lile tope limmeze, na lilikuwa na kila uwezo. Lakini Bi Mbuke hakuwa na muda wa aibu za watu. Aliamuru michembe yote imwagwe chini ya magurudumu. Zipora alisita, ilikuwa kazi ya mwezi mzima. Mama akasema madaktari watakula jogoo. Ngusa akaipanga michembe kwa mikono miwili mbele ya kila tairi, mikavu na migumu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikuwa na kitu cha kuweka kati ya gari na tope.

Ikabaki nani aendeshe na nani asukume. Zipora alikuwa amefundishwa kuendesha mara tatu, kwenye uwanja wa shule, na goli moja halikusimama tena. Akakaa kwenye usukani. Ngusa akaenda nyuma, akaegemeza bega, na pembeni yake akahisi kitenge kipya. Akaruka kando. Akamwambia Zipora amweleze mama kwamba haiwezekani, mtu na mkwe wake hawasukumi gari bega kwa bega.

Bi Mbuke hakusubiri ujumbe uzunguke.

"Mimi sioni," alisema, akimwambia yeye moja kwa moja. "Mtu nisiyemwona nitamvunjiaje heshima? Sukuma."

Wakasukuma. Zipora akakanyaga mafuta kama mtu anayeua nyoka, magurudumu yakazunguka, michembe ikalia, tope likawapaka wote wawili rangi moja. Gari likajivuta, likasita, likaruka mbele. Bi Mbuke aliyekuwa ameliegemea akaenda nalo, na Ngusa akamdaka mkono kabla hajaanguka. Walisimama hivyo. Ngusa hakujua afanye nini na mkono wake mwenyewe. Kuuachia angemwangusha, kuushika ni balaa. Mwishowe alimwongoza hivyohivyo mpaka kwenye gari, akitazama mawinguni.

Walifika hospitalini saa sita kasoro dakika nane. Nesi aliyekuwa anakunja daftari aliwatazama walivyo, watatu na jogoo, akalikunjua tena. Ngusa alipoona jina la Mbuke limeandikwa, alikaa chini palepale sakafuni.

Alilala kwenye gari. Asubuhi, wakati bandeji zinafunguliwa, Zipora aliingia wodini na Ngusa akabaki kwenye ukumbi wa nje, kwa kuwa mkwe wake alikuwa anakaribia kuona na sheria zilikuwa zinarudi. Kisha akasikia sauti ya Bi Mbuke, ndogo kuliko ya jana.

"Zipora. Umeota mvi, mwanangu."

Zipora alicheka na kulia kwa pamoja. Muda si mrefu nyayo zikaanza kutoka wodini. Ngusa aligeuka haraka, akaweka paji la uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni, mgongo wote ukiwa na tope lililokauka. Nyayo zikasimama nyuma yake. Zilisimama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Bi Mbuke alikuwa anamtazama, wazi, kutoka visigino hadi kisogo, bila kuficha, kwa miaka yote kumi na tisa aliyojinyima.

"Ndiye huyu?" akamwuliza bintiye. "Nilidhani ni mrefu."

Akaendelea na safari yake kuelekea mlangoni, bila kushikwa mkono na mtu. Ngusa alibaki na uso wake ukutani, amefurahi hata machozi yakamtoka, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa anamwona usoni, hakuyafuta.