Pipa Langu Lilivyokataliwa

Ujinga nilianza mimi, sikatai. Mwalimu wetu wa Kiingereza alitaka kila mmoja aje na maana moja ya kale ya neno “pipe”. Sikufungua kamusi, nilitunga. Nikasimama, uso mkavu kama niko msibani, nikasema zamani “pipe” ilikuwa kitanda cha mbwa wa mfalme. Akaandika ubaoni! Chini ya maana za wenzangu, filimbi, sauti ya ndege na koo la mwimbaji, mbwa wangu akalala.

Ndipo nikachungulia kamusi ya jirani yangu, nikakuta zamani “pipe” ilikuwa pia pipa kubwa la divai. Pipa! Lile lile tunalowekea maji kwetu Tanga. Nikanyoosha mkono, nikaeleza, nikaongeza kwamba hata Waswahili tunaliita hivyo. Ila nilikuwa nacheka, maana mbwa bado yuko ubaoni.

“Sasa unatutania na Kiswahili chako,” mwalimu akasema. “Sifuri. Toka nje.”

Sifuri! Uongo umepewa ubao, ukweli umetupwa kwenye korido. Na kamusi ilikuwa mezani kwake, hakuigusa hata kwa kidole! Nilipanda tramu hadi nyumbani, mtaa wa Woluwe huku ughaibuni, nikichemka, nikamweleza mama yote huku napiga meza, nikamtaka kesho aende shuleni anipiganie.

Mama akanipakulia wali.

“Siendi. Uongo umeusema umekaza uso, kweli ukaisema unacheka. Hata mimi ningekutoa nje. Haya, kula.”