Jiwe la Kumpelekea Baba

Nilipokung'uta sanduku la marehemu mama, vumbi linalometameta lilinishika viganjani, na kabla sijafikiri nikawa mtoto tena, Temeke, nikimngoja baba.

Enzi zile za Mwingereza baba alikuwa akichimba ulanga kwenye milima ya Uluguru. Ulanga ni jiwe linalobanduka jani kwa jani, na jani moja ukiliweka jichoni unaona upande wa pili. Kila aliporudi kwa treni aliniletea kipande kisichofanana na vingine: cha kijani, cha rangi ya chai, na kimoja kilichonasa kito chekundu mfano wa punje ya komamanga. Nilivitunza katika kopo la biskuti. Sikuwa na ndugu, na watoto wa jirani waliniita Binti Mawe.

"Mawe hayaivi," mama alikuwa akisema, akilisogeza kopo kwa mguu.

Baba alikipima kila kipande kiganjani kwanza, ndipo akanipa. Safari moja akaniambia, "Na wewe nitafutie la huku, nikaringe nalo mlimani."

Kazi! Temeke ni mchanga mtupu. Nilizunguka mashamba ya mihogo peke yangu msimu mzima, mpaka wachimba kisima walipotupa nje tumbawe lenye alama ya kombe la baharini. Nikaliosha, nikaliweka juu ya kopo, nikangoja.

Akaja Salumu, rafiki yake wa machimboni, na furushi la nguo za baba. Mama akaangua kilio. Nikaambiwa shimo limemfukia baba, amezikwa hukohuko. Mimi nilishika hilo neno "hukohuko", basi. Salumu alipoaga nikamkimbilia.

"Shikamoo, baba mdogo. Mpelekee baba jiwe lake. Mwambie ni la Temeke."

"Marahaba, mwanangu."

Akalipima kiganjani muda mrefu, uso ameugeuzia mlangoni. Nikafurahi, nikidhani jiwe langu limemshangaza.

Kama lilifika, sijui. Salumu hatukumwona tena. Mama alikaa eda yote na kopo lile ubavuni, na habari ya mawe kutoiva hakuisema tena.

Sasa naye ametutoka. Siku ya kuanua matanga, mjukuu wangu mdogo alinitilia kitumbua mkononi.

"Bibi, mpelekee bibi mkubwa. Bado cha moto."

Nikakipokea. Uso wangu ukageuka wenyewe kuelekea mlangoni, na hapo ndipo nilipojua Salumu alikuwa akipima nini.